Uga ni sifuri, potenshali siyo

Mdogo wangu,

Umeniandikia kwamba katikati ya Dunia potenshali ya mvutano lazima iwe sifuri, kwa kuwa uga wa mvutano pale ni sifuri. Sababu yako ni kweli. Hitimisho ndilo limepotoka. Nakujibu hadharani kwa sababu wengi hujikwaa hapohapo.

Potenshali, V, ni nishati ya kila kilogramu kwa kuwa mahali fulani. Ni namba tu, haina mwelekeo. Uga, g, ni kani inayovuta kila kilogramu, nao una mwelekeo. Kinachoviunganisha ni g = −dV/dr, ambapo r ni umbali kutoka katikati ya Dunia. Kwa hiyo uga haujali V ni kiasi gani, unajali V inabadilika kiasi gani kwa kila mita unayosogea. Kama mlimani: V ni kimo cha pale uliposimama, g ni ukali wa mteremko. Alama ya hasi inasema tu kwamba mvuto huelekea kule V inakopungua.

Nje ya Dunia, V = −GM/r, ambapo G ni namba isiyobadilika ya mvutano na M ni masi ya Dunia. Usoni pake hiyo ni kama jouli milioni −62.5 kwa kilogramu. Acha alama, gawanya kwa mita 6,371,000, yaani nusu kipenyo cha Dunia, utapata g ya 9.8 uliyoizoea. (Njia hiyo ya mkato haifanyi kazi ndani ya Dunia, usije ukaitumia kwenye mtihani.)

Sasa shuka ndani. Tuchukulie msongamano ni uleule kote, ingawa kiini halisi ni kizito zaidi. Uga unapungua hatua kwa hatua hadi sifuri katikati, lakini njia nzima ulikuwa bado unakuvuta chini, na kila ulipokuvuta V ilizidi kushuka. Unafika katikati V ikiwa kama milioni −94, mara moja na nusu ya ile ya usoni. Huko ndiko chini kabisa. Mivuto ya pande zote inafutana kwa sababu ni vekta, yaani ina mwelekeo. Potenshali za kila kipande cha Dunia ni hasi zote, zinajumlishwa tu.

Hata sifuri ya V ni makubaliano: tumeiweka mbali kusiko na kikomo. Ongeza namba yoyote isiyobadilika kwa V kila mahali, g haitatikisika.

Ninaoupenda zaidi ni mfano wa bahari. Ukihesabu pia athari ya mzunguko wa Dunia, usawa wa bahari uliotulia una potenshali moja kote, la sivyo maji yangetiririka. Hata hivyo g ni 9.780 kwenye ikweta na 9.832 kwenye ncha, kwa kuwa huko nchani nyuso za potenshali sawa zimekaribiana zaidi.

Kabla hujaniandikia tena, kokotoa V pale mvuto wa Dunia na wa Mwezi unapofutana, kama kilomita 346,000 kutoka katikati ya Dunia. Mimi nimepata karibu jouli milioni −1.28 kwa kilogramu.