Barua ya kufunga muhula wa pili: Gredi ya 6 na ndege wa Elementaita

Kwa wazazi na walezi wote,

Salamu nyingi kutoka shuleni. Tunafunga muhula watoto wote wakiwa salama, na kwa hilo namshukuru Mungu. Ripoti zimo mikobani mwao. Zisomeni pamoja nao, na aliye na swali aje ofisini kabla ya Ijumaa adhuhuri. Tarehe ya kufungua imeandikwa chini ya ripoti.

Nataka kukaa zaidi kwenye safari ya Gredi ya 6 ya kwenda Ziwa Elementaita. Kwanza niwaombe radhi. Tuliahidi kurudi saa kumi na moja jioni, tukafika saa mbili kasorobo usiku. Gurudumu la basi tulilokodi lilipasuka njiani, na lile la akiba halikuwa na upepo. Nilipaswa kulikagua kabla hatujaondoka, na sikulikagua. Najua kuna kina mama waliosimama langoni kwenye baridi ya Julai, watoto wachanga mgongoni, bila kupata habari yoyote kwa sababu orodha ya simu zenu ilikuwa imefungiwa kabatini. Poleni sana. Kuanzia sasa gurudumu la akiba litakaguliwa na mwalimu kwa macho yake kabla ya safari, na orodha ya simu itakuwa mkononi mwake.

Sasa niwaeleze watoto wenu walifanya nini huko.

Walikuwa 38, na darubini tulizoazima ni 6. Katika kila kundi mmoja alishika darubini, mwingine akahesabu, mwingine akaandika, na waliobaki wakatazama kwa macho yao hadi zamu iwafikie. Kila Januari, tangu mwanzo wa miaka ya 1990, wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na watu wa kujitolea huhesabu ndege wa maji katika maziwa yetu ya Bonde la Ufa. Tulitaka watoto waonje kazi hiyo. Kundi kubwa la ndege wanaosogea halihesabiki mmoja mmoja. Unahesabu kumi, unatazama hao kumi wamejaza nafasi kiasi gani, kisha unapima kundi zima kwa nafasi hiyo.

Mara ya kwanza makundi mawili yalihesabu heroe walewale, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita flamingo. Kundi moja lilipata 420, jingine 260. Zogo likazuka. Mwalimu wa Sayansi hakumpa yeyote ushindi, maana hata yeye hakuwa na jibu. Aliwaambia wahesabu tena, na tena. Mara ya tatu walipata 310 na 330, na hapo wakaanza kuulizana kwa utulivu nani aliruka wapi.

Nimeyasoma madaftari yote. Katika moja, kwenye safu ya jina la ndege, msichana mmoja ameandika: "Hatukumwona vizuri." Wenzake walimhimiza aandike korongo, kwa kuwa kundi la jirani lilikuwa limeandika hivyo. Alikataa. Nimefundisha miaka 22, na mara nyingi nimewaambia watoto wasiache pengo kwenye karatasi, wakisie tu. Sentensi ile nimeirudia mara nyingi tangu siku hiyo. Mtoto huyo alipewa alama zote za safu ile.

Yapata saa nne asubuhi, jua lilipokwisha kuipasha ardhi moto, wari walianza kupaa. Mwari ni yule ndege mwenye mfuko chini ya mdomo, na dume huweza kuzidi kilo 10. Mwili mzito hivyo hutumia nguvu nyingi kupanda kwa kupiga mabawa tu, basi hungoja hewa ya moto ipande, nao huzunguka ndani yake wakipanda bila kupiga bawa. Watoto walinyamaza kabisa. Wari hao huzaa kwenye visiwa vya mawe vya Elementaita, lakini samaki huwafuata Ziwa Nakuru, ambako perege wadogo kutoka Ziwa Magadi walipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960 ili wapunguze mbu. Mtoto mmoja aliuliza: "Kwa hiyo wanalala huku na kwenda kazini Nakuru, kama baba?" Ndiyo, hasa.

Wengi wenu mlikua mkiona ukingo wa Ziwa Nakuru ukiwa wa waridi, na watoto waliuliza kwa nini siku hizi sivyo. Maji yalipopanda tangu mwanzo wa miaka ya 2010, magadi yake yalizimuliwa, na mwani wa kijani wanaoula heroe wa aina ndogo ukapungua. Ndege wakahamia maziwa mengine, kama Bogoria. Wasimulieni watoto mlivyoliona ziwa lile. Wanahitaji kulisikia kutoka kwenu kuliko kutoka kwangu.

Kuna jambo sikulitarajia. Asubuhi iliyofuata wavulana watatu walikuja ofisini bila kuitwa, wakaweka manati zao mezani. Sikuwaadhibu, na majina yao sitayataja. Nawasihi wazazi wao, na wengine wote: likizo hii msiwanunulie wala kuwatengenezea nyingine.

Kila mtoto wa Gredi ya 6 amepewa kurasa nne tupu za kuandika ndege wa nyumbani: siku, saa, mahali, wangapi, walikuwa wakifanya nini. Mkimwona ameketi nje kimya kwa nusu saa, tafadhali msimtume dukani kwanza. Jina la ndege kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani linatosha, na babu na nyanya wanayajua mengi kuliko vitabu vyetu.

Tunakusudia kurudi Januari. Julai wengi wa ndege wadogo wa ufukweni, kama chekeamwezi, wako kwao Ulaya na Asia wakizaa, na watoto wanataka kulinganisha hesabu. Mchango utakuwa uleule. Mzazi ambaye atashindwa aniambie faraghani, mtoto wake hatabaki. Aliye na darubini ya zamani isiyotumika, hata yenye kioo kimoja kizima, tutaipokea kwa shukrani.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu