Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mitaala: wanaoanza programu waanze na vitu, si fasili

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mimi ni mwalimu wa programu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Naiomba kamati yako ibadilishe mpangilio wa mada katika somo la uandishi wa programu kwa klasi (violezo) na vitu (vinavyoundwa kutokana na violezo hivyo). Mtaala wa sasa unaanza na fasili za ufungashaji (kuweka data na vitendo vyake pamoja ndani ya kitu) na urithi (klasi moja kupokea sifa za nyingine), na mtihani unadai fasili hizo hizo, hata mwanafunzi akaweza kueleza urithi bila kosa huku akishindwa kusema programu fupi aliyopewa imeunda vitu vingapi.

Mkanganyiko mkubwa hauko kwenye urithi. Uko kwenye jambo linaloonekana dogo: katika lugha ya programu ya Java, kigezo (jina linaloshika thamani) hakibebi kitu chenyewe bali rejeo linaloelekeza kilipo. Mwanafunzi akiunda akaunti, akaikabidhi kwa kigezo cha pili, kisha akatoa 100 kupitia hicho cha pili, salio litasomeka limepungua hata kupitia kigezo cha kwanza, kwa sababu akaunti ni moja tu. Wengi hudhani zimekuwa mbili, na dhana hiyo huwafuata katika kila programu kubwa wanayoiandika baadaye.

Kwa hiyo naomba wiki za mwanzo zitumike kuunda vitu kutokana na klasi zilizokwisha kuandikwa, kuita methodi zake (vitendo ambavyo kitu kinaweza kufanya), na kuchora kwa mkono hali ya kumbukumbu baada ya kila mstari. BlueJ, programu ya kuandikia msimbo wa Java iliyotolewa 1999 mahsusi kwa wanaojifunza, humwezesha mwanafunzi kuunda kitu kwa kubofya tu, kabla hajaandika klasi hata moja.

Urithi usubiri. Mifano ya mbwa na paka wanaorithi kutoka kwa mnyama ningependa ifutwe kabisa, maana haionyeshi tatizo lolote ambalo urithi unalitatua. Wanasayansi wa kompyuta Dahl na Nygaard waliibuni lugha ya programu ya Simula huko Oslo katika miaka ya 1960 ili kuiga mienendo ya mifumo halisi, na vitu vyake vilikuwa na kazi ya kufanya; mradi wa kuiga foleni ya wateja unafaa hadi leo.

Mwisho, naomba angalau nusu ya alama za mtihani zitolewe kwa kufuatilia msimbo na kurekebisha makosa yaliyomo. Niko tayari kuwasilisha mazoezi ya mfano mbele ya kamati kabla ya ratiba ya muhula ujao kupitishwa.

Wako katika taaluma,
Mwalimu wa programu, mwaka wa kwanza