Mwanangu, kabla hujatia saini

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Habari ya kazi ya maabara imetufurahisha, na mama yako ameitangaza kwa kila anayepita. Ila lile ulilolitaja juujuu, kwamba mtatengeneza mimea ambayo mbegu zake hazioti, linaninyima usingizi.

Ulisema ni kinga, jeni zilizopandikizwa zisisambae. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini fikiria ilikotoka. Hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya Machi 1998, ya kampuni ya mbegu ya Delta and Pine Land na Wizara ya Kilimo ya Marekani, ilihusu kuzuia mbegu ya kampuni isipandwe tena bila kununuliwa. Mbegu inatiwa dawa ya tetrasaiklini kabla ya kuuzwa, na mtego unakuwa umetegwa. Mmea unakua na kuzaa vizuri. Punje zikikaribia kukomaa, jeni moja inaamka na kutengeneza protini ya sumu inayoua kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya punje. Kwa macho huoni tofauti.

Sasa niambie, mama, chavua inakwenda wapi? Jirani ambaye hakununua chochote chavua itamfikia, punje zilizoipokea zitakufa, naye atazihifadhi akijua ana mbegu. Atagundua mvua imeshanyesha. Atamdai nani? Na ile mbegu ambayo dawa haikuiingia sawasawa itazaa watoto wazima wanaoota, wakiwa na jeni zilezile mlizotaka kuzifungia. Hiyo ni kinga gani?

Usinijibu kwa mbegu chotara kama ulivyofanya kwenye simu, eti nazo hununuliwa upya kila msimu, tena kwa sauti ile. Chotara ukiipanda tena inaota, ingawa mazao yanachanganyika. Mkulima ana pa kuanzia kuchagua. Wala utasa wenyewe siulaumu. Ndizi tunazokula hazina mbegu, lakini chipukizi la mgomba nalichimba na kumpa yeyote bila kuomba ruhusa.

Utasema teknolojia hii haijawahi kuuzwa. Ni kweli. Kampuni ya mbegu ya Monsanto ilitangaza mwaka 1999 kwamba haitaiingiza sokoni. Mwaka 2000 nchi za Mkataba wa Bioanuwai, ule wa kulinda aina za viumbe, zilikutana Nairobi zikashauri isiruhusiwe hata kujaribiwa mashambani, na mwaka 2006 zikarudia msimamo huo Curitiba, Brazil. India na Brazil yenyewe wameikataza kwa sheria. Lakini ushauri wa mkutano hubadilishwa na mkutano mwingine, na siku hiyo watatafuta kazi iliyokwisha kamilika maabara. Sitaki iwe yako. Akili hiyo uliyopewa ni kubwa kuliko hiyo.

Sikukatazi kwenda. Waulize kwanza hataza itakuwa ya nani, na chavua ikivuka mpaka nani atamlipa jirani. Waandike majibu. Wakikwambia hilo si la idara yako, omba upangwe kwenye ukame au magonjwa ya mimea. Ulisomea hayo, na hukunishauri ulipoyaacha.

Vyeti halisi viache nyumbani, beba nakala. Mdogo wako anataka chumba chako. Nimemwambia asubiri mpaka utakapopata makazi. Mlango wa ghala umerekebishwa, na mbegu ulizozichambua likizo iliyopita zimekauka vizuri, tutazipanda hizo. Sweta la kijivu mama yako hajalimaliza, usinunue jingine.

Nipigie kuhusu chavua kabla hujatia saini, si baada yake.

Baba yako