Waliouawa ni walewale, makosa ni tofauti

Mwanangu Neema,

Hatujambo hapa Arusha. Mama yako anakusalimu sana.

Nimeirudia meseji yako. Unauliza kwa nini mawakili wabishane kama mauaji fulani ni ya kimbari au ni uhalifu wa kivita, ilhali waliokufa wamekufa. Nakujibu kwa kesi ya Jean-Paul Akayesu, iliyosikilizwa hapahapa mjini na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, kwenye ukumbi wa mikutano wa AICC.

Akayesu alikuwa meya wa Taba, Rwanda. Tarehe 2 Septemba 1998 alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza ya aina hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa, miaka 50 tangu Mkataba wa 1948 wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari. Ila isome hukumu mpaka mwisho. Kwenye mashtaka ya uhalifu wa kivita hakutiwa hatiani! Watu ni walewale, Taba ni ileile, shitaka moja limesimama na jingine limeanguka. Uhalifu wa kivita hudai uhusiano na vita yenyewe, na majaji waliona upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba meya huyu alikuwa na wajibu wowote katika juhudi za vita. Mwaka 2001 majaji wa rufaa walisema kigezo hicho hakikuwa sahihi kisheria, lakini matokeo yakabaki vilevile.

Kimbari husaka nia: kutaka kuangamiza kundi la taifa, kabila, rangi au dini, lote au sehemu yake. Wingi wa maiti peke yake hautoshi. Sasa nia ya mtu utaiona wapi? Majaji waliitafuta kwenye maneno na matendo yake. Walipima, kwa mfano, alichowaambia watu pale Gishyeshye, hukohuko Taba, tarehe 19 Aprili 1994, akiwahimiza waungane kummaliza adui, na wasikilizaji wakaelewa kuwa adui ni Mtutsi. Uhalifu dhidi ya ubinadamu hauhitaji nia hiyo ya kuangamiza. Kinachotakiwa ni shambulio dhidi ya raia, lililoenea au lililopangwa.

Miaka ile nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi wangu kusikiliza. Tulikaa nyuma ya kioo, vipokea sauti masikioni, shahidi akiwa nyuma ya pazia na jina lake limefichwa kwa herufi. Unasikia sauti ya mkalimani, na kabla yake kimya kirefu.

Kuna jambo moja nataka ulishike. Hati ya kwanza ya mashtaka dhidi ya Akayesu haikuwa na ubakaji hata kidogo. Mwaka 1997 shahidi aliyeitwa J alieleza, bila kuulizwa hilo, kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa. Wengine wakafuata, na Juni mwaka huohuo hati ikarekebishwa. Mwishowe majaji, akiwemo Navanethem Pillay, mwanamke pekee kati ya watatu, wakasema ubakaji unaweza kuwa tendo la kimbari ukifanywa kwa nia ileile ya kuangamiza. Bila mama yule, wanawake wa Taba wasingekuwemo kwenye hukumu.

Ndiyo maana napinga ulivyosema kwamba ni ubishi wa wasomi. Shitaka lisipoandikwa, ushahidi wake hautafutwi wala hausikilizwi.

Ukija likizo tutakwenda Lakilaki, hapa Arusha, zinakotunzwa nyaraka za mahakama ile. Njoo na maswali yako yakiwa yameandikwa kabisa.

Baba yako