Mama Nasra, kabla hujaja na gari

Ilazo, Dodoma
Jumapili jioni

Shoga angu mama Nasra,

Hujambo na wanangu hawajambo? Sie tupo, upepo wa Agosti unatupulizia vumbi hadi kwenye sufuria ila zabibu zimeshaanza kujaa barabarani kwa hiyo hatulalamiki sana. Picha ya gari lako, hiyo IST, nimeiona, hongera mno, nilipiga vigelegele mpaka baba Ivan akatoka nje kuuliza nani kaolewa.

Sasa unaniuliza majambazi wa njiani huko Gairo na Kibaigwa. Shoga, we toka Dar alfajiri uingie huku na jua lako, mtu wa bodaboda akikupungia mkono eti dada tairi linacheza usisimame porini, nenda pole pole hadi sheli ndo ushuke uangalie. Kwa njiani mi sina la zaidi, maana mwenzio niliibiwa saa tano asubuhi, mjini, gari limepaki.

Nilishuka kununua nyanya, nikapaki kwenye kakona kapweke nikijisemea dakika kumi tu. Narudi, nimekaa, nimewasha, nageuza shingo nitoke, saiti mira hamna! Vioo vyote viwili vimeng'olewa yamebaki maganda yananikodolea. Na unajua gari za huku zinavyoshika vumbi, basi pale mlangoni pana vidole vinne vya mtu, alipojishikiza akivuta, kama kasaini vile. Kijana wa ushuru wa paking alikuwa karibu, nikamvaa, akanijibu kwa adabu kabisa, "Mama mi nakata ushuru, silindi gari." Ndo ukweli, sema tunajisahaulisha.

Fundi akanipeleka kwenye duka la spea yuzdi, zilizokwisha tumika, nikanunua vioo vya mtu, na hadi leo sijui kama si vyangu vilevile nimeuziwa. We usingoje yakukute, wakuchoree namba ya gari kwenye vioo vyote, hadi taa. Baba Ivan alinuna, eti gari limekuwa daftari, lakini kioo chenye namba yako nani atakinunua? Na ukipaki, paki penye watu, karibu na mama anayeuza kitu, mnunulie hata karanga muwe mmejuana, yule anaona kuliko mlinzi.

Halafu hizo rimoti zisikudanganye. Kuna wanaokaa pembeni na rimoti yao, we ukibonyeza na yeye anabonyeza, mawimbi yanagongana, we umeshageuka unaondoka kumbe milango iko wazi. Mi siku hizi nabonyeza kisha navuta kitasa kwa mkono, watu wanionavyo waone tu. Na mkoba usiuache kwenye siti hata kama ndani mna kanga chafu tupu, mwizi hajui, anarusha kipande cha kigae cha plagi ya injini, kioo cha mlango kinamwagika chote bila kelele za maana. Cha kuficha kiweke kwenye buti ulikotoka, sio ufike pale ndo uanze kufungua buti watu wanakutazama. Na kwenye foleni ya taa simu iwe chini na kioo cha mlango kiwe juu, najua joto, ila pikipiki ikipita hapo umebaki na chaja.

Bima ulikata ipi? Kama ni ile ndogo ya thadi pati, ya kulipia hasara za watu wengine tu, gari likiibwa hulipwi kitu, uliza vizuri kabla hujalala.

Ukifika viwanja vya Nane Nane tafuta sehemu upaki ndo unipigie, usinipigie huku unaendesha. Nitamtuma Ivan akae getini akufungulie kabla hujafika, maana ukichelewa ukaingia usiku, huku kwetu mtaa una giza na sitaki usimame nje unapiga honi na milango umeshalegeza. Zabibu nimekutengea, njoo na nazi zako mbili tatu.

Mwenzio,
Mama Ivan