Shuka kwenye trekta, uchimbe

Mwanangu,

Mama yako ameniambia unataka kumaliza kupanda mahindi shamba zima kwa siku mbili, kabla mvua haijakukuta. Planta, ile mashine ya kupandia nyuma ya trekta, unaiendesha vizuri kuliko mimi, hilo nakubali, na nimewaringia nalo watu ambao hata hawakuniuliza. Lakini siku mbili! Jana usingizi ulinipaa.

Mahindi yanataka kina cha sentimita 4 hadi 5. Udongo wa juu ukikauka, fuata unyevu hata sentimita 6 au 7. Pungufu ya 4 usikubali. Mizizi ya kudumu huanzia kama sentimita 2 chini ya uso wa udongo, hata mbegu ikiwa chini zaidi. Mbegu iliyolala juujuu mizizi yake hukutana na vumbi, kisha upepo ukija mahindi yanalala.

Unajua haya yote. Kinachonitia wasiwasi ni jinsi unavyoamini alama ya kina kwenye mkono wa planta. Shuka uchimbe. Ukizidisha mwendo planta inarukaruka, mbegu moja inaingia sentimita 5, jirani yake 3, na planta kama yetu kilomita 8 kwa saa inaitosha. Chimba kwa kisu, taratibu, mbegu kadhaa katika kila mstari. Mistari inayofuata magurudumu ya trekta ichimbe mara mbili, maana pale udongo umeshindiliwa, na diski zinazofungua mfereji wa mbegu haziingii sawasawa. Chimba tena masanduku ya mbegu yakikaribia kwisha, kwa kuwa planta nyepesi haikandamizi kama ilipojaa. Kwenye mabua mengi ya mavuno yaliyopita angalia yasiwe yamekunjwa ndani ya mfereji, mbegu ikakaa juu yake bila kugusa udongo.

Kina kikitofautiana, mbegu hazioti pamoja, na mche uliochelewa kwa majani mawili hauwafikii wenzake tena. Unakaa kivulini, unakula mbolea yako, mwisho unakupa kigunzi.

Mwaka ule shamba lilipoota kama ngazi, aliyeniuzia mbegu nilimsema vibaya na sijarudi kwake mpaka leo. Mbegu zilikuwa nzima. Kuna mtu, na alikuwa mdogo bado, alisema planta inaruka, akaambiwa anyamaze. Nadhani unamkumbuka.

Diski zimelika, nilisema nitazibadilisha nikapitiwa. Zipime kabla hujaanza. Asubuhi ya kwanza panda mita 50 tu, simama, chimba. Ukiona aibu watu wanakutazama umepiga magoti, waache watazame.

Koti lako la mvua ulilisahau nyuma ya mlango. Nimelishona mfuko, rula iko humo. Bawaba za banda zimeng'oka tena, msumeno sijui uliuweka wapi. Mbwa amezaa wanne, mama yako anauliza kama utachukua mmoja au awagawie majirani. Mjibu yeye, mimi nipigie ukishachimba.

Baba yako