Barua kwa Hamisi: usianze na namba 1776

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi, natumai nyumbani hamjambo nyote. Picha zako za treni za Marekani zimefika. Umeuliza utajuaje ni kichwa kipi kati ya hivyo vya rangi za bendera.

Namba iache kwanza. 1776 ndio mwaka wao wa uhuru, na yalipokaribia maadhimisho ya miaka 200, kampuni kadhaa za reli zilikipa kimoja cha vichwa vyao namba hiyohiyo. Seaboard Coast Line walianza mapema, mwaka 1971. Ukitafuta kwa namba peke yake utapotea. Anza na umbo, kisha jina la kampuni ubavuni, kisha tarehe. Rangi ije mwisho, kwa sababu ndiyo inayodanganya kuliko vyote.

Kile cheupe chenye pua ndefu, taa ikiwa imezungukwa na wavu wa chuma, ni Alco PA, yaani modeli ya PA ya kiwanda cha Alco. Kama ubavuni pameandikwa "Spirit of 1776", basi hakihusiani na 1976 hata kidogo. Hicho ni cha Freedom Train, treni ya maonyesho iliyoondoka Philadelphia tarehe 17 Septemba 1947 na kuzungushia nyaraka za historia majimbo yote 48 ya wakati huo hadi Januari 1949. Baadaye kikawa namba 292 ya kampuni ya reli ya Gulf, Mobile & Ohio, rangi zile zikafutika. American Freedom Train ya 1975 na 1976 ni nyingine, nayo ilivutwa hasa na vichwa vya mvuke.

Pua fupi ya duara, ekseli 3 chini ya kila mwisho wa kichwa na madirisha ya mviringo ubavuni: hiyo ni E8, modeli ya kiwanda cha EMD. Hapa tafuta namba 652 ya kampuni ya Rock Island, iliyopewa jina "Independence". Rock Island hawakujiunga na Amtrak, shirika la taifa la treni za abiria, mwaka 1971, wakaendelea na treni zao za abiria za Peoria na Quad Cities hadi mwisho wa 1978. Kwa hiyo jina la Rock Island kwenye treni ya abiria ya miaka hiyo si kosa la mpiga picha.

Kichwa cha umeme chenye ncha mbili zinazofanana ni GG1. Kagua bodi yake kwa kioo cha kukuzia: ukiona ribiti (vichwa vya pini zinazounganisha mabati) kila mahali, ni 4800, maana GG1 nyingine zote zilichomelewa. Kampuni ya reli ya Conrail ndiyo iliyoipaka rangi za bendera, na Conrail ilianza kazi tarehe 1 Aprili 1976. Picha yake yenye rangi hizo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Mtego mkubwa ni Amtrak. Nyekundu, nyeupe na bluu zilikuwa rangi zao za kila siku tangu mwanzo. E8 yenye pua nyekundu na ule mshale wao ubavuni ni ya kawaida kabisa, ingawa wauzaji wa picha hupenda kuiandikia "ya maadhimisho" ili wapandishe bei.

Sasa filamu. Katika nyeusi na nyeupe ya kawaida, nyekundu na bluu zaweza kutoka kijivu kilekile. Filamu isiyoona nyekundu hufanya mistari myekundu iwe karibu nyeusi, na ya bluu ififie hadi imezwe na nyeupe. Ukiona mstari mmoja tu wa giza, usikatae picha. Kwenye slaidi za filamu ya Ektachrome na picha za zamani zilizochapwa kwenye karatasi, rangi inayozuia nyekundu ndiyo hupauka mapema, basi bluu inageuka zambarau na nyeupe inakuwa waridi. Filamu ya Kodachrome hustahimili zaidi. Mwezi uliopigwa muhuri kwenye fremu ya karatasi ya slaidi ni wa kusafishwa filamu. Picha yaweza kuwa ya miezi kadhaa nyuma.

Unapoziskani, zima marekebisho ya rangi ya mashine yenyewe. Slaidi weka dpi (nukta kwa inchi) 4000, picha za karatasi 600 zatosha. Kisha tenganisha chaneli tatu za rangi, nyekundu, kijani na bluu: kwenye chaneli nyekundu mstari mwekundu unang'aa na wa bluu unakuwa mweusi, kwenye chaneli ya bluu kinyume chake. Hata chini ya masizi mpangilio wa mistari hujitokeza. Maandishi yakisomeka kinyume, slaidi imewekwa nyuma mbele. Igeuze kwanza, usije ukasifu mpangilio ambao haujawahi kuwepo.

Picha ile ya tatu nitumie tena, ukikata kipande cha kibao cha namba na cha pua peke yake.

Wako,
Juma